Ngoma za Uzaramo, Kisomo cha Upanga: Historia ya Kuliwazana Dar es Salaam

Kabla Gongo la Mboto haijawa kituo cha mwisho cha daladala, na kabla reli haijapanda vilima vya Pugu kuelekea Morogoro, eneo lote hilo lilikuwa Uzaramo. Watu waliishi katika vijiji vidogo, wakalima mpunga, mihogo na mtama, wakapeleka sandarusi kwa wafanyabiashara wa Pwani. Mtu akiugua, ndugu zake walianza na mizizi na majani. Ugonjwa ukiikataa dawa, mgonjwa akawa halali, hali, hasemi, au analia bila kujua anachokililia, swali lilibadilika. Hawakuuliza tena anaumwa nini. Waliuliza ni nani anayemsumbua. Jibu lake lilitafutwa kwa ngoma.

Mambo haya hatuyajui kwa masimulizi ya wageni peke yao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za watu wake kwa Kiswahili chao wenyewe. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903. Humo pepo na waganga wana nafasi yao, sawa na ndoa, jando na kilimo. Miaka zaidi ya sitini baadaye mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi katika kijiji cha Wazaramo na kuona kwamba kilinge, uwanja wa uganga, bado kilikuwa hai. Kitabu chake kuhusu ibada na ishara za Wazaramo kilitoka mwaka 1970.

Kilinge cha Uzaramo

Kupunga pepo kulikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa alikalishwa, akafukizwa, na wapigaji wakaanza mdundo mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila pepo alikuwa na ngoma yake na nyimbo zake. Kuna kinyamkera wa miti mikubwa na vimbunga, kuna ruhani, kuna pepo waliokuja na wageni. Misafara, askari na majahazi vilivyopita Pwani viliacha alama hata kilingeni, ndiyo maana wakawapo pepo wa Kimasai, wa Kinubi na wa Kizungu. Ngoma iliyomfaa ilipopigwa, mgonjwa alitetemeka, akainuka, akacheza, na mwishowe akasema. Hapo mganga alimhoji pepo: jina lako nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo alitaja haja zake, pengine nguo mpya, pengine mbuzi, pengine mwenye nyumba aache jambo fulani. Jamaa waliahidi mbele ya watu wote.

Tazama kilichotendeka. Mwanamke aliyefiwa na watoto, au aliyeolewa mbali na kwao akakosa wa kumweleza uchungu wake, alipewa usiku mzima ambao mtaa wote ulikaa kumsikiliza. Maneno ambayo angeyasema kwa kinywa chake yangemletea lawama, lakini yakitoka kwa pepo yalisikika, tena yalijibiwa. Mume alisikia. Mashemeji walisikia. Asubuhi mgonjwa alikuwa na jina la taabu yake, ahadi ya ndugu zake, na kundi la watu waliopita njia hiyo hiyo kabla yake. Tangu siku hiyo alikuwa mteja wa ngoma ile, na baada ya miaka huenda naye akawa fundi wa kuwapunga wengine. Aliyeteswa jana ndiye aliyekuja kuwatuliza wanaoteswa leo.

Ngoma hizi hazikubaki vijijini. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, reli ya kwenda Morogoro ikajengwa kati ya 1905 na 1907, na Wazaramo wakawa miongoni mwa wakazi wengi wa mitaa ya Waafrika. Mjini ngoma ilihitaji kibali cha serikali, lakini iliendelea. Zilizuka pia ngoma mpya. Vyama vya beni, kama Marini na Arinoti, vilijulikana kwa gwaride, sare na mashindano, lakini vilikuwa pia vyama vya kufaana: mwanachama akifa mbali na kwao, wenzake walimzika na kukaa matanga yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanaanthropolojia wa Marekani John Janzen alikuja Dar es Salaam kutafiti uganga wa ngoma. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 alionyesha kwamba kuanzia Kinshasa hadi Cape Town watu wana utaratibu unaofanana: mgonjwa huingizwa katika kundi, huimba taabu yake, wenzake humwitikia, na kidogo kidogo hugeuka kuwa mponyaji.

Wageni kutoka Ceylon

Wakati ngoma hizo zikisikika, mji ulikuwa na watu wengine waliojua kutuliza uchungu kwa sauti. Walikuwa Wasinhala kutoka kisiwa cha Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, waliovuka Bahari ya Hindi kufuata kazi na biashara. Mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiendelea, waliunda chama chao cha Wabudha Dar es Salaam. Septemba mwaka uliofuata Waingereza waliuteka mji, na kufikia mwaka 1920 Wabudha hao walikuwa na hekalu lao. Walipanda hapo mti wa Bodhi, wa aina ile ile ambayo Buddha alikaa chini yake alipopata mwangaza. Hekalu hilo, lililo katika mtaa wa Upanga, linatajwa kuwa kongwe kuliko yote ya mapokeo ya Theravada barani Afrika.

Watu hawa walikuwa mbali na kwao. Barua ilichukua wiki nyingi, na habari ya kifo cha mzazi ilimfikia mtu maziko yalipokwisha kusahauliwa. Hekalu liliwapa mahali pa kukaa pamoja msiba ulipoingia, na liliwapa kisomo.

Kisomo hicho wanakiita piriti. Watawa huketi na kusoma kwa sauti, kwa lugha ya Kipali, hotuba za Buddha zilizochaguliwa kwa ajili ya kuwakinga na kuwatuliza watu. Mbele yao huwekwa chombo cha maji. Uzi mweupe mrefu hutoka mikononi mwa watawa ukapita katika mikono ya wote waliokaa, kiasi kwamba kila msikilizaji ameshika uzi ule ule alioushika msomaji. Kisomo kinaweza kuwa kifupi, kinaweza pia kukesha hadi alfajiri. Mwishoni uzi hukatwa vipande na kufungwa mikononi, na maji hugawiwa. Mtu wa Pwani aliyekulia penye kombe, ambapo aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa na mgonjwa akanywa, ataelewa mara moja kinachotafutwa katika maji yale.

Watawa wenyewe hawakubali kisomo hiki kiitwe muziki. Mbudha anayeshika kanuni nane siku ya mwezi mpevu hujiepusha na nyimbo na dansi, na Buddha mwenyewe aliwaonya watawa wasinogeshe sauti hadi msomaji akaipenda sauti yake kuliko maana. Waislamu wa Pwani wanalijua jambo hili. Humsikiliza kwa machozi msomaji mwenye sauti njema, na bado hakuna atakayesema kwamba alikwenda kusikiliza muziki. Hata hivyo sikio na pumzi havikosi fungu lao. Sauti nyingi zinazokwenda pamoja, zikipanda na kushuka kwa kipimo kimoja, huvuta pumzi ya msikilizaji hadi ikafuata mwendo wao, na mwili uliokuwa umekakamaa kwa hofu ukaanza kulegea.

Masimulizi ya Wabudha yenyewe yanaeleza kisomo kilivyoanza kutumika kuponya. Mji wa Vesali, kaskazini mwa India, ulipatwa na njaa, tauni na mapepo. Buddha alimfundisha mwanafunzi wake Ananda hotuba ya vito, naye akauzunguka mji akiisoma na kunyunyiza maji. Siku nyingine mtawa aitwaye Girimananda aliugua sana. Ananda aliomba Buddha aende kumwona, naye Buddha akamtuma Ananda akamsomee mambo kumi ya kutafakari. La kwanza ni kwamba kila kitu kinapita. La kumi ni kuiangalia pumzi inapoingia na inapotoka. Girimananda alisikiliza yote, na maradhi yake yakatulia. Simulizi hili lina uzito kwa sababu mgonjwa hakudanganywa. Hakuambiwa kwamba hatakufa kamwe. Aliambiwa ukweli mgumu kwa sauti ya rafiki aliyekaa kando ya kitanda chake.

Tena Ubudha wa Ceylon haukuishi mbali na ngoma. Kusini mwa kisiwa, Wabudha wale wale waliokwenda hekaluni siku ya mwezi mpevu walimwita fundi wa ngoma mgonjwa aliposhindikana. Ibada hiyo, tovili, hufanyika usiku kwa ngoma kubwa na vinyago, na moja ya aina zake ina vinyago vya pepo 18 wa maradhi. Pepo huitwa, huhojiwa, hutaniwa mbele ya watazamaji, hupewa sadaka na kuagwa. Msinhala aliyelelewa Galle au Matara, aliposikia ngoma za kupunga usiku wa Dar es Salaam, alikuwa na cha kulinganisha nacho kutoka kwao. Pwani mbili za bahari moja zilikuwa zimefikia ujuzi mmoja kila moja kwa njia yake: uchungu usiopewa sauti hukaa mwilini, na hautoki kwa mtu mmoja peke yake.

Baada ya uhuru jamii ya Wasinhala ilipungua sana, lakini hekalu halikufungwa. Kwa miaka mingi limeongozwa na mtawa Ilukpitiye Pannasekara, na limekuwa pia kituo cha taamuli. Mafunzo ya hapo huanza na lile ambalo Girimananda alimalizia nalo, yaani kukaa kimya na kuifuata pumzi.

Kuna simulizi jingine linaloeleza kipimo cha kazi hiyo. Sona, kijana wa nyumba ya kitajiri, alijitesa kwa ibada hadi nyayo zake zikatoka damu, akakata tamaa. Buddha akijua kwamba zamani alikuwa mpigaji hodari wa kinanda cha nyuzi, alimwuliza: uzi ukikazwa mno, unalia vizuri? Ukilegezwa mno je? Sona akaelewa. Aliyewahi kumsikia mpigaji wa udi akirekebisha nyuzi kabla taarabu haijaanza anaelewa pia. Mfiwa hasukumwi apoe haraka, wala haachwi azame.

Redio, dansi na misiba ya taifa

Karne ya ishirini iliipa Dar es Salaam chombo kingine cha kuliwazia, nacho ni redio. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule ya Mtakatifu Francis ya Pugu, jirani kabisa na Gongo la Mboto, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Siku zile redio ziliacha nyimbo za kawaida. Nyimbo za maombolezo za kundi la Tanzania One Theatre la John Komba zilisikika madukani, majumbani na ndani ya mabasi, na watu wasiofahamiana walilia pamoja kando ya redio moja. Taifa lilikuwa kilingeni.

Lakini mwanamuziki aliyeifanya kazi ya kuliwaza kuwa wito wa maisha yake alikuwa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Kwa masimulizi yake, mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga alimwelekeza jinsi ya kumzaa na kumlea huyu, ikiwa ni pamoja na kutomkata nywele. Alizaliwa na meno, ishara ya mtoto wa kiganga, na jina la Daktari likamfuata hadi mwisho. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Aliimba juu ya kifo, umaskini na ukimwi, mambo ambayo wengine waliyazungumza kwa kunong'ona. Albamu zake mbili, ya 1989 na ya 1992, zilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, zikasikika dunia nzima, lakini waliozihitaji zaidi walikuwa uswahilini. Mtu aliyefukuzwa kazi, mjane, muuza maji, kila mmoja alisikia taabu yake ikitajwa kwa jina mbele ya umma. Baada ya kuugua aligeukia nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010.

Miezi miwili baadaye Gongo la Mboto ilihitaji waliwazaji kuliko wakati wowote.

Usiku wa 16 Februari 2011

Usiku huo maghala ya silaha ya kambi ya 511 KJ ya Jeshi la Wananchi yalianza kulipuka. Mabomu yaliruka na kuanguka juu ya nyumba za Gongo la Mboto, Ukonga na mitaa ya jirani. Watu zaidi ya 20 waliuawa na mamia walijeruhiwa. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda. Maelfu walikimbia gizani kwa miguu, wazazi wakapotezana na watoto, na wengi walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Haikuwa mara ya kwanza: tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya Mbagala yalikuwa yamelipuka na kuua pia.

Serikali ilileta mahema, chakula na tathmini ya nyumba. Hayo yalihitajika. Lakini kelele ya aina ile hukaa mwilini baada ya ukuta kujengwa upya. Mlango ukibamizwa, radi ikipiga, tairi likipasuka barabarani, moyo huruka. Mtu hawezi kuutibu mshtuko huo kwa bati na saruji.

Kilichofuata katika nyumba za wafiwa kilikuwa kile ambacho Pwani imekuwa ikikifanya siku zote. Mikeka hutandikwa. Waislamu husoma Yasini na kufanya hitima, Wakristo huleta kwaya, wanawake hukaa na mfiwa siku na usiku. Watani nao huja na vituko vyao, kwa kuwa katika utani wa makabila yetu mtani ana haki ya kumchekesha mfiwa mahali ambapo mwingine hathubutu. Tumeyazoea haya hata hatuyaoni kuwa ni tiba. Lakini yatazame kwa macho ya aliyepita kilingeni au aliyeshika uzi wa piriti: kuna sauti za pamoja, kuna jina la aliyekufa linalotajwa tena na tena, kuna mwili wa jirani ulio karibu, na kuna siku zilizopangwa, ya tatu hadi ya arobaini, zinazompa mfiwa ngazi za kupandia.

Wabudha wana kisa kinachoufahamu msiba wa namna hii. Kisa Gotami alifiwa na mwanawe wa pekee, akazunguka na maiti mkononi akitafuta dawa. Buddha alimwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Alibisha hodi nyumba baada ya nyumba. Kila mahali haradali ilikuwapo, na kila mahali kulikuwa na aliyekufa. Jioni alirudi bila mbegu, akamzika mwanawe. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama somo la kukubali kifo. Mimi naona mle pia dawa yenyewe: mwanamke aliyedhani yuko peke yake aliingia nyumba zote za mji, na katika kila nyumba alisimuliwa msiba. Aliponywa na mitaa.

Ushahidi wa leo na wajibu wetu

Dunia ya hospitali imeanza kuyapima mambo haya. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, akitumia taamuli aliyojifunza kwa walimu wa Kibudha. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, muziki ukiwamo. Mwimbaji Tina Turner alikwisha kuupima ukweli huo maishani mwake: mwaka 1973, akiwa bado katika ndoa ya kipigo, alianza kulitamka kwa sauti kila siku jina la Sutra ya Yungiyungi kwa mapokeo ya Nichiren ya Japani. Mwaka 1976 alipata nguvu ya kuondoka, na hadi kifo chake mwaka 2023 alisema kwamba kisomo hicho ndicho kilichomwokoa.

Hakuna ngoma iunganishayo mfupa, wala kisomo kinachoziba jeraha la bomu. Mganga anayemzuia mgonjwa asiende hospitali anaua, na anayeuza matumaini kwa mtu aliyefiwa anaiba. Lakini hospitali ikimaliza kazi yake, mtu hurudi nyumbani na usiku wake, na hapo anahitaji watu wanaojua kukesha naye. Ujuzi huo tunao. Wazaramo waliulea kilingeni, Wasinhala waliuleta na kuutunza Upanga, Remmy aliubeba jukwaani, na akina mama wa Gongo la Mboto wanao hadi leo kila wanapotandika mkeka wa msiba.

Kwa hiyo ofisi za kata zinapoandika mipango ya maafa, pamoja na namba za zimamoto na gari la wagonjwa, ziandike pia viongozi wa kwaya, walimu wa madrasa, mafundi wa ngoma na walimu wa taamuli walio jirani. Wapewe mafunzo ya kumtambua aliyelemewa na mshtuko na kumfikisha kwa daktari, na madaktari nao wafundishwe kuwatumia. Wao ndio hufika msiba ungali mbichi, na ndio hubaki magari ya msaada yakishaondoka.